Jibu Swali Alilouliza: Hotuba kwa Makatekista, Wanalegio na Viongozi wa Jumuiya, Tabora

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zangu, naomba tufungue kwanza Mathayo 22, kuanzia aya ya 23. Masadukayo wanamjia Bwana na swali la mwanamke aliyeolewa na ndugu 7 mmoja baada ya mwingine: siku ya ufufuko atakuwa mke wa nani? Hawaamini ufufuko, na swali lenyewe ni mtego. Sasa, katika Agano la Kale lipo andiko linalosema waziwazi kwamba waliolala mavumbini wataamka: Danieli 12:2. Yesu analijua, lakini halitumii. Anakwenda Kutoka 3:6, kwenye kijiti kinachowaka, pale Mungu anapojitambulisha kuwa Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo. Halafu anahitimisha: Mungu si Mungu wa wafu, bali wa walio hai.

Kwa nini aache andiko lililo wazi achukue linalohitaji kufikiriwa? Kwa sababu Masadukayo walisimama juu ya vitabu vya Musa. Hata swali lao lilianza na "Musa alisema". Akawajibu kwa Musa.

Mtakatifu Paulo alifanya hivyohivyo. Ukisoma Matendo 17, Thesalonike ndani ya sinagogi anatoa hoja kwa Maandiko, Sabato 3. Sura ileile, akiwa Athene mbele ya watu wasioyajua Maandiko, anaanzia kwenye madhabahu yao ya "Mungu asiyejulikana" na kuwataja washairi wao. Na tazameni matokeo katika aya ya 32 hadi 34: wengine walidhihaki, wengine walisema watamsikiliza tena, wachache wakaamini, akiwemo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Mtume mwenyewe alipata wachache. Kiongozi wa jumuiya asivunjike moyo akirudi na mmoja, au bila hata mmoja.

Basi hoja yangu leo ni hii: kabla hujamjibu mtu, jua anasimama wapi, anakubali nini, na kitu gani hasa kinamsumbua. Wengi wetu tunashindwa hapo. Imani tunayo na mistari tunaijua, lakini tunajibu swali ambalo mtu hakuuliza, kwa ushahidi ambao haukubali.

Tuanze na ziara ya nyumbani, maana huko ndiko kazi kubwa ilipo. Papa Fransisko katika wosia wake wa kitume wa Evangelii Gaudium wa mwaka 2013, namba 128, anatoa mpangilio ambao kila mwanalegio, yaani mwanachama wa Legio ya Maria, angeukariri. Kwanza mazungumzo, mwenyeji aseme furaha zake, matumaini yake na mahangaiko yake. Baada ya hapo ndipo Neno, liwe aya ya Maandiko au ushuhuda mfupi. Mwisho, kama hali inaruhusu, sala fupi inayogusa yale aliyoyasema. Sisi mara nyingi tunageuza: tunaingia, tunapiga ishara ya msalaba, tunasoma somo, tunahubiri, tunaaga. Mwenye nyumba hakupata nafasi ya kutuambia kwamba mtoto wake yuko hospitali ya Bugando anasubiri upasuaji.

Nendeni wawili, kama Bwana alivyowatuma wale 72 katika Luka 10. Wanne au watano ni wengi, mwenyeji anajiona amevamiwa. Mmoja aongee, mwingine anyamaze na kusali moyoni. Wote wawili wakiongea kwa zamu, mwenyeji anajikuta mahakamani. Ziara ya kwanza isizidi dakika 30 au 40. Kama ni msimu wa kilimo msiende asubuhi, na kama ni msimu wa kuchambua tumbaku mtakuta familia nzima iko bandani, basi kaeni hapo, chukueni majani mchambue nao. Mazungumzo ya bandani yanakwenda mbali kuliko ya sebuleni.

Na jambo moja nasema kwa uchungu. Unapomtembelea Mkatoliki aliyeacha kusali, usiende na daftari la michango. Waliolegea wengi hawakuondoka kwa sababu ya mafundisho. Ukiwasikiliza utakuta msiba wao haukufikiwa na jumuiya, au jina lao lilisomwa hadharani kwamba wanadaiwa, au ndoa yao haijabarikiwa na waliona aibu kila wengine walipokwenda kukomunika. Mtu wa namna hii hahitaji hoja juu ya Ekaristi. Anaiamini, na ndiyo sababu inamuuma. Anahitaji kuombwa radhi, na kuelezwa hatua za kurekebisha ndoa: aanze kwa katekista au paroko, atafute cheti cha ubatizo kule alikobatizwa, itazamwe kama kuna kizuizi. Ukimpa hatua ya kwanza tu, na ukakubali kumsindikiza siku ya kwenda ofisi ya parokia, umefanya zaidi ya mahubiri 10.

Sasa maswali. Hapa nitakaa.

Tuchukue usiku wa matanga. Rozari imekwisha, watu wamekaa kwenye mikeka, na jirani mlokole, tumwite mama Neema, anamwambia mwanajumuiya: "Mama Joni, samahani, hivi nyie kwa nini mnamwomba Maria badala ya Mungu?" Jibu linalotoka haraka mnalijua: "Na nyie mbona mchungaji wenu anauza mafuta ya upako?" Hapo mlango umefungwa, na umefungwa na sisi. Hata kama hilo la mafuta ni kweli, halijibu kitu. Mama Neema anaondoka akiwa na hakika kwamba hatuna jibu.

Mama Joni anaweza kusema hivi: "Umeuliza vizuri, mama Neema. Wewe mtoto wako akiumwa, hunitumi nikuombee?"

"Nakutuma."

"Sala yangu inachukua nafasi ya Yesu?"

"Hapana, wewe unaniombea tu."

"Basi na Maria tunamwambia hivyohivyo. Sikiliza maneno yenyewe: utuombee sisi wakosefu."

Mama Joni akiishia hapo akadhani ameshinda, amekosea, kwa sababu mama Neema sasa atatoa swali lake halisi: "Lakini wewe uko hai. Maria alishakufa. Kuongea na wafu kumekatazwa." Hili ndilo lililokuwa moyoni tangu mwanzo, lile la kwanza lilikuwa kizingiti. Jibu lake liko Luka 20:38, palepale Bwana alipowajibu Masadukayo: kwa Mungu wote wako hai. Kisha Ufunuo 5:8, wazee 24 mbele ya Mwanakondoo wameshika vitasa, yaani mabakuli, vya manukato, ambavyo ni sala za watakatifu. Andiko lililokatazwa, Kumbukumbu la Torati 18, linahusu kuaguza na kuwaita wafu ili kupata habari za siri. Sisi hatumwiti Maria aje atuambie nani kamloga nani.

Akileta 1 Timotheo 2:5, kwamba mpatanishi ni mmoja, usiikwepe. Mwombe muisome pamoja kuanzia aya ya 1. Paulo anaanza kwa kuagiza waamini waombeane, wawaombee watu wote, halafu ndipo anasema mpatanishi ni mmoja. Hakuona mgongano. Tunaombeana kwa sababu tumo ndani ya huyo mmoja.

Na hapa tuwe wakweli. Wapo Wakatoliki wanaozungumza kana kwamba Maria anatoa neema kutoka mfukoni mwake. Mama Neema akikutajia mmoja, usimtetee. Sema, "Huyo amekosea, Kanisa halifundishi hivyo." Ukweli huo utakupatia masikio kuliko mistari 20.

Swali la sanamu linafanana na hilo, ila lina shimo ambalo wengi hutumbukia. Mwenzako anasoma Kutoka 20:4, amri ya kutojifanyia sanamu. Wewe unajibu kwa Kutoka 25:18, Mungu anaagiza makerubi 2 wa dhahabu juu ya sanduku la agano, na Hesabu 21:8, anaagiza nyoka wa shaba. Vizuri. Lakini mlokole aliyesoma atakufungulia 2 Wafalme 18:4: mfalme Hezekia alimvunjavunja yule nyoka, kwa kuwa watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Kama hukuijua aya hiyo unabaki kimya. Afadhali uitaje wewe mwenyewe, maana ndiyo inayofafanua fundisho letu. Kitu kilekile kilikuwa halali kilipowaelekeza watu kwa Mungu, kikawa haramu kilipopewa ibada. Mtaguso wa pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 787, ulisema hivyo: heshima inayotolewa kwa picha inamwendea yule aliyechorwa, na kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Basi mtu akimwona Mkatoliki anayeamini kwamba sanamu fulani ina nguvu kuliko nyingine, ana haki ya kushtuka, na sisi tuna wajibu wa kumfundisha ndugu yetu huyo.

Juu ya toharani, yaani kusafishwa kwa roho baada ya kifo, kosa ni lile ambalo Bwana alilikwepa. Tunakimbilia 2 Wamakabayo 12, Yuda Makabayo akitoa sadaka kwa ajili ya askari waliokufa. Andiko zuri. Lakini Biblia ya mwenzako ina vitabu 66, yetu ina 73. Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo viwili havimo mkononi mwake, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Ukimsomea ataona unamsomea kitabu cha kwako. Anza na 1 Wakorintho 3:13-15, kazi ya mtu inapimwa kwa moto, naye mwenyewe anaokolewa, lakini kama kwa kupitia moto. Na usiivute aya hiyo kupita kiasi. Paulo hapo anasema kwanza juu ya wahudumu wanaojenga Kanisa. Inachoonyesha ni kwamba mtu anaweza kuwa ameokoka na bado akawa na kitu cha kusafishwa. Hiyo inatosha kwa jioni moja. Swali la vitabu 7 litakuja lenyewe siku nyingine, na siku hiyo mwambie kwamba orodha ya vitabu 73 ilikwishatajwa na sinodi za Afrika ya Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, zaidi ya miaka 1,100 kabla ya Mtaguso wa Trento kuitangaza rasmi mwaka 1546.

Kwa Wasabato, usiingie kwenye mjadala wa mfalme Konstantino. Watasema ndiye aliyebadili siku ya ibada kutoka Jumamosi kuwa Jumapili. Sheria yake ya mapumziko ilitoka mwaka 321, lakini mfiadini Yustino aliandika habari za Wakristo kukusanyika siku ya jua kwenye miaka ya 150 hivi. Kabla yake kuna Matendo 20:7, 1 Wakorintho 16:2 na Ufunuo 1:10. Sema hayo, basi.

Wakiuliza kwa nini tunamwita padre "baba", jibu ni la dakika 2: Paulo katika 1 Wakorintho 4:15 anajiita baba wa Wakorintho, na Stefano katika Matendo 7:2 anawaita wazee "baba". Ubatizo wa watoto unahitaji tahadhari. Zile nyumba nzima zilizobatizwa katika Matendo 16 hazitaji watoto, msidai kwamba zinawataja. Nguvu iko zaidi Wakolosai 2:11-12, Paulo anapouweka ubatizo mahali pa tohara, ambayo mtoto wa Israeli aliipata siku ya 8.

Sheria yangu kwa maswali yote haya: swali moja kwa kikao kimoja. Mtu akirusha 5 kwa mpigo, mwambie, "Chagua moja linalokusumbua zaidi, tulimalize." Na usipojua jibu, sema hujui, utamuuliza paroko au katekista, na urudi ndani ya wiki 2. Kutorudi ndiko kunakoharibu.

Hapa Tabora tuna jirani wa pekee, Wamoravian, ambao makao ya jimbo lao la Magharibi yako mjini kwetu. Upande wa Kigoma, Kasulu, kuna Waanglikana. Msimwambie Mmoravian kwamba ubatizo wake si kitu. Kanuni ya 869 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kumbatiza tena aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, isipokuwa kuna sababu nzito ya kuwa na shaka. Akitaka kuingia Kanisa Katoliki anafundishwa, anakiri imani, anapokea Kipaimara na Ekaristi. Ukianza kwa kumwambia, "Ndugu, ubatizo wetu ni mmoja," umesema kweli, na tena umeanzia pale anaposimama.

Kwa Waislamu, ndugu zangu, tunaishi nao nyumba moja. Tabora mjini na Ujiji kila ukoo una pande zote mbili. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, namba 3, unasema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima: wanamwabudu Mungu mmoja, wanamheshimu Yesu kama nabii ingawa hawamkiri kuwa Mungu, wanamheshimu Mama yake Maria, wanasali, wanatoa sadaka, wanafunga. Anzieni hapo. Mihadhara ile ya uwanjani, ya kumchambulia Mwislamu Kurani yake, sishauri kabisa. Ni kumnyang'anya mtu kitabu chake umfundishe wewe, na hata ukiwa na hoja, utabaki na uadui mtaani.

Mara nyingi tatizo lake ni neno "Mwana wa Mungu". Anaelewa kwamba tunasema Mungu alioa akazaa. Mwambie mapema: hatusemi hivyo, na tungesikia mtu anasema hivyo tungemkatalia pamoja naye. Kanuni ya imani ya Nisea inasema "aliyezaliwa bila kuumbwa", yaani Neno linatoka kwa Mungu bila mwili, bila mwanzo. Hataamini kwa sababu umeeleza, lakini ataacha kukataa kitu ambacho hatukifundishi. Kijana wa Kiislamu ambaye bado yuko mikononi mwa wazazi wake asipokelewe kimyakimya. Jambo hilo ni la paroko, na paroko atataka wazazi wajue.

Sasa kuna njia ambazo tusizitumie hata zikionekana zinaleta watu. Azimio la Vatikano la Pili juu ya uhuru wa dini, la mwaka 1965, namba 4, linaonya dhidi ya ushawishi usio wa haki, hasa kwa maskini na wasio na elimu. Amri ya Mtaguso huohuo juu ya umisionari, Ad Gentes, namba 13, inakataza kumlazimisha mtu au kumvuta kwa hila. Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema vilevile katika ibara ya 19: imani ni hiari, na mtu ana uhuru wa kubadili dini. Kwa hiyo mahindi ya njaa yasiende pamoja na fomu ya mafundisho. Nafasi ya shule isiwe malipo ya ubatizo. Legio ya Maria ina utaratibu mkali hapa: mwanalegio kazini hatoi msaada wa vitu. Si kwa ukosefu wa huruma. Ni ili anayebisha hodi asitazamwe mfukoni. Misaada ipitie Karitasi ya parokia, imfikie kila mwenye shida, Mkatoliki au la.

Na mchumba. Anakuja kijana: "Nataka kubatizwa, harusi ni Desemba." Msimkatae na msimkimbize. Muulizeni, akiwa peke yake, kama angeendelea na mafundisho hata kama harusi ingevunjika. Akisita, mwelezeni kwamba anaweza kufunga ndoa bila kubatizwa, kwa kibali cha Askofu cha ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa. Wengi hawajui njia hiyo ipo, wanadhani ubatizo ndiyo tiketi. Mtu aliyebatizwa kwa ajili ya harusi mara nyingi humwoni tena Dominika baada ya fungate.

Haraka ni jaribu la zamani hapa kwetu. Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwanzoni mwa 1879. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwaagiza wasimbatize mtu mzima mwenye afya njema kabla ya miaka 4 ya matayarisho, wakati kubatiza wengi kwa haraka kungeonekana ndiyo mafanikio. Na kusini yetu, Karema, Adriani Atiman, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa udaktari Malta, alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 mahali pamoja. Watu walikuwa na muda wa kutosha kumchunguza.

Basi siku mtu anaposema, "Nataka kuanza mafundisho," fanyeni mambo haya wiki hiyohiyo. Mpelekeni kwa katekista, msimwambie tu aende. Mwulizeni kama alishabatizwa popote, na hali yake ya ndoa ikoje, maana mwenye wake 2 anahitaji kuambiwa mapema linalomngoja kuliko kuambiwa Kwaresima ya mwisho. Anzeni kumtafutia msimamizi: awe na miaka 16 au zaidi, awe na Kipaimara na anapokea Ekaristi, asiwe baba wala mama yake, na awe anakaa karibu. Msimamizi wa Dar es Salaam atatuma kitenge, hatamsindikiza jumuiya.

Mjulisheni ratiba yote: kupokelewa ukatekumeni, yaani kundi la wanaojiandaa kubatizwa, kuteuliwa Dominika ya 1 ya Kwaresima, mitakaso Dominika ya 3, 4 na 5, kisha Mkesha wa Pasaka. Halafu zile siku 50 hadi Pentekoste, ambazo kwenye parokia nyingi tunaziacha tupu. Mbatizwa mpya amezoea kukutana na katekista kila wiki, ghafla hakuna kitu, na ndipo rafiki zake wa zamani wanapomuuliza maswali yaleyale ya mama Neema. Jumuiya ipange wiki hizo 7 kabla ya Kwaresima kuanza: nani atasali nyumbani kwake wiki ipi, nani atamfundisha kuongoza somo, na nani atakwenda naye kuungama kwa mara ya kwanza.